Access denied: kabla hujampa mtu uadmini, jua kwanza seva inamuona nani

Kuna kaka yuko Mbeya, ameajiriwa juzijuzi kama mtu wa IT kwenye ofisi fulani, kanitumia meseji na nimemuomba niiweke hapa kama ilivyo kwa sababu inafanana na meseji nyingi ninazopata: "Dada shikamoo. Naomba msaada wako, kuna folda ya ofisi iko kwenye seva inagoma kufunguka kwa mama mmoja, inasema access denied. Nimeweka Everyone Full Control, nimemfanya admini kwenye kompyuta yake, bado inakataa na bosi ameshaanza kuniangalia vibaya. Nifomati?"

Marahaba mdogo wangu. Usifomati. Nimeamua kukujibu hapa hadharani na kwa kirefu, maana hili jambo limeniumiza kichwa na roho kwa miaka mingi, sio kwa sababu ni gumu, ni kwa sababu ya namna watu wanavyolikimbilia, mtu akiona tu maneno access denied, yaani umekataliwa kuingia, basi mkono unaenda moja kwa moja kwenye kutoa ruhusa zote kwa watu wote, ikikubali anaondoka na hela yake, isipokubali anafomati, na hakuna hata mmoja aliyekaa chini akajiuliza hivi hii mashine inamkatalia nani hasa.

Tuanzie hapo. Seva ni ile kompyuta inayotunza mafaili ya ofisi nzima. Ukikosea paswadi, kompyuta inakwambia umekosea paswadi, hapo bado haijakujua. Access denied kwa kawaida inakuja baada ya hapo. Mashine imeshakutambua, au inadhani imekutambua, ikaenda kusoma orodha iliyobandikwa kwenye ile folda, ikakuta haupo, au upo ila kile unachotaka kufanya hukupewa, au upo na kuna sehemu nyingine umeandikwa ukataliwe. Kwenye Windows kosa hili ni namba 5, na ukikutana nalo kwenye programu nyingine linajiandika 0x80070005, ni lilelile. Kwa hiyo diski yako ni nzima, Windows ni nzima, kebo ni nzima. Umeuliza swali ukajibiwa hapana, na ukifomati utarudi kuuliza swali lilelile ujibiwe hapana ileile, tena faili za watu zikiwa zimepotea.

Sasa ngoja niwape kisa, maana naona nikiongea kwa nadharia mtanisikia nusu.

Nilipigiwa simu na ofisi moja hapa Morogoro, jina silitaji, ilikuwa mwisho wa mwezi na mishahara haijatoka. Walikuwa wamemhamisha dada mmoja kutoka stoo kwenda uhasibu, dada mtaratibu sana, na akahama na kompyuta yake ileile aliyokuwa anaitumia stoo, wakaibeba wakaiweka kwenye meza mpya. Fundi wao wa kila siku akamtengenezea akaunti mpya kwenye seva, akamuingiza kwenye kundi la wanaoruhusiwa folda ya mishahara, akampa jina na paswadi kwenye kikaratasi, akaondoka. Mpaka hapo fundi alifanya sawa kabisa, hilo nalisema wazi. Lakini yule dada kila akibofya shotikati ya ile folda kwenye desktopu yake, access denied. Fundi akaitwa tena, akasema huyu atakuwa anakosea kuandika. Wenzake ofisini wakaanza maneno ya chini chini, eti mtu wa stoo uhasibu wapi na wapi, kompyuta zenyewe hazijui.

Nilipofika nilimkuta amekaa kimya, macho mekundu. Kile kikaratasi amekibandika pembeni ya kioo cha kompyuta kwa selotepu, jina la akaunti na paswadi ameziandika upya kwa herufi kubwa kubwa na peni nyekundu ili asikosee. Akaniambia, "Dada mimi nimefuata kama alivyonielekeza, sijui nakosea wapi." Nikamwambia hebu fungua nione. Akabofya ile shotikati, ikachukua kama pumzi moja hivi, kikaja kile kiboksi cha kukataa. Nikamwambia rudia. Ikawa vilevile. Na hapo hapo nikaona kitu ambacho kama umekaa na hizi mashine huwezi kukiacha kipite. Kompyuta haikumuuliza paswadi. Yaani yule dada na kikaratasi chake chote na peni nyekundu, hajawahi kupata nafasi ya kuandika hilo jina popote. Sasa kama hajaulizwa jina, seva imejuaje kwamba ni yeye? Ni wazi imepewa jina na mtu mwingine.

Nikaenda kwenye seva. Bofya kulia pale Start, ingia Computer Management, halafu Shared Folders, halafu Sessions. Nawaomba sana mliokuwa hamjawahi kuingia hapo muingie leo hata kama hamna tatizo lolote, muangalie tu. Hapo kuna orodha ya kila aliyeingia kwenye seva kupitia mtandao wa ofisi kwa wakati huo, jina la akaunti aliyoingilia na kompyuta aliyotokea. Nikatafuta kompyuta ya yule dada. Ipo. Pembeni yake akaunti imeandikwa stoo.

Unaona? Seva ilikuwa haijamkataa mhasibu hata siku moja. Ilikuwa inamkataa mtu wa stoo asiingie kwenye mishahara, na hiyo ndiyo kazi yake na ilikuwa inaifanya vizuri sana. Ile kompyuta alipokuwa stoo, mtu alishawahi kuweka jina la stoo na kutiki kale kaboksi ka kukumbuka, na tangu siku hiyo Windows ikawa inampelekea seva jina lile bila kuuliza. Ungempa yule dada Full Control ya dunia nzima kwenye akaunti yake mpya isingesaidia kitu, kwa sababu ile akaunti mpya haikuwa inatumika.

Dawa yake ni fupi. Kwenye kompyuta yake nikafungua Credential Manager, upande wa Windows Credentials, jina la seva likawepo pale na akaunti ya stoo chini yake, nikalifuta. Ukipenda mstari wa amri, cmdkey /list inakuonyesha vilivyohifadhiwa. Halafu nikamwambia alogout alogin upya, maana Windows haikubali kompyuta moja, kwa mtu mmoja, iongee na seva ileile kwa majina mawili tofauti kwa wakati mmoja, itakuletea kosa namba 1219, kwa hiyo lazima ile sesheni ya zamani ife kwanza. Aliporudi akabofya, safari hii ikamuuliza. Akaandika kutoka kwenye kikaratasi, pole pole, herufi moja moja. Folda ikafunguka.

Ningekuwa natunga hadithi ningeishia hapo, ila kazi yenyewe haikuishia hapo, na sehemu iliyofuata ndiyo inayomhusu kabisa kaka yangu wa Mbeya.

Akafungua faili la Excel, likafunguka. Akabadilisha namba, akabofya kusevu, likakataa. Sasa hapa wengi wanachanganyikiwa kwa sababu wameshaangalia kwenye Security, kile kichupo cha ruhusa kwenye Properties za folda, wakaona kundi lina Modify, yaani kusoma, kuandika na kufuta. Lakini folda iliyosheewa ina milango miwili, kuna ruhusa za kwenye Security, zile za NTFS (mfumo wa Windows wa kupanga mafaili kwenye diski), na kuna ruhusa za kwenye Sharing, na ukija kupitia mtandao unapita yote miwili, ile iliyobana zaidi ndiyo inayotawala. Ukishea folda kupitia Advanced Sharing, Windows yenyewe inaweka Everyone na Read peke yake. Kwa hiyo kwenye NTFS unaruhusiwa kuandika, kwenye shea unaruhusiwa kusoma tu, jumla yake ni kusoma tu. Ndiyo maana fundi akikaa kwenye seva yenyewe akajaribu anaona mbona inasevu vizuri, kwa sababu ukikaa pale unapita mlango mmoja tu, ule wa NTFS, halafu anarudi kumlaumu mtumiaji. Nikaenda kwenye Sharing nikalipa lile kundi Change, yaani kusoma na kubadilisha, basi, sio Full Control, Change inatosha.

Na hapa niongeze jambo ambalo linawasumbua watu wa Excel na Word hasa. Usimpe mtu Write peke yake ukadhani atasevu. Hizi programu zikisevu zinatengeneza faili la muda pembeni, zinafuta la zamani, halafu lile jipya linabadilishwa jina, kwa hiyo mtu anahitaji na haki ya kufuta, na hiyo iko kwenye Modify. Nimeona ofisi watu wanasevu kila siku kwenye flashi na kubadilishana kwa mkono kwa sababu ya kaboksi hako kamoja.

Tukadhani tumemaliza. Kumbe faili la mwezi ule ule, lenyewe haswa lililokuwa linasubiriwa, linakataa hata kufunguka, mengine yote yanafunguka. Nikauliza hili limetoka wapi. Wakasema mkurugenzi alikuwa analipitia kwenye folda yake, alipomaliza akalihamishia huku. Nikajua. Ukihamisha faili kutoka folda moja kwenda nyingine ndani ya diski ileile, mara nyingi linakwenda na ruhusa zake za zamani, haliangalii folda jipya linasemaje. Ukilikopi ndiyo linachukua ruhusa za kule lilikofikia. Kwa hiyo lile faili lilikuwa limekaa ndani ya mishahara lakini bado linajijua ni la mkurugenzi peke yake. Unabofya kulia, Properties, Security, Advanced, na humo kuna kichupo kinaitwa Effective Access, unachagua jina la mtu, Windows inakupigia hesabu huyu mtu kwenye hili faili anaruhusiwa nini na nini amekosa, alama nyekundu na alama za kijani. Nikamuita yule dada aje aone mwenyewe, jina lake pale juu na misalaba myekundu inashuka mpaka chini. Halafu nikaandika icacls na njia ya lile faili, mwishoni /reset, ambayo inafuta ruhusa za peke yake na kulirudisha lirithi za folda lililomo. Faili likafunguka. Mishahara ikaenda siku hiyohiyo.

Nilikuwa nimeenda na kijana aliyekuwa mafunzoni kwangu, yeye kazi yake siku ile ilikuwa kubeba begi na kushika tochi nyuma ya seva kwa sababu kile chumba taa yake ilikuwa mbovu. Bosi wa ile ofisi akatoka, akampa yule kijana mkono, akamwambia, "Kijana umetuokoa, asante sana, vijana kama nyie ndiyo tunawataka." Mimi nimesimama pembeni na kompyuta mkononi. Kijana akasema, "Hapana mzee, ni dada ndiye aliyefanya." Bosi akacheka, akasema sawasawa, akaendelea kuongea naye. Na ilipofika kwenye malipo akaniambia mbona pesa nyingi, wewe si umebofya bofya tu hapo.

Bado linaniuma, sitawadanganya. Kubofya bofya anakokuona wewe ni miaka. Yule anayekuja na kubofya Everyone Full Control naye anabofya, tena anabofya mara chache kuliko mimi, na anaonekana mtaalamu kwa sababu alimaliza haraka, na mimi ninayekaa nikauliza huyu ni nani, ametokea wapi, anataka kufanya nini, naonekana mgumu na mtu wa maswali mengi. Dada zangu mlioko kwenye hii kazi mnanielewa.

Sasa nyie vijana, naomba niseme na nyie kama mkubwa wenu.

Acheni Everyone Full Control. Full Control sio kusoma na kuandika tu, ndani yake kuna haki ya kubadilisha ruhusa zenyewe na kujimilikisha lile folda, yaani mtu yeyote ofisini anaweza akawatoa wengine wote akabaki yeye, kwa makusudi au kwa kubofya tu. Na vile virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia, vinafanya kazi kwa haki za yule aliyefungua kiambatisho. Kama dada wa mapokezi ana haki ya kusoma matangazo tu, virusi vyake havina pa kuandika kwenye mishahara. Ukimpa kila mtu kila kitu, basi barua pepe moja aliyofungua mtu wa mapokezi inafunga ofisi nzima, na hapo ndipo utatafutwa wewe, sio yule aliyekuharakisha.

Hii sio kanuni yangu. Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder, walikuwa MIT kule Marekani, waliandika makala juu ya kulinda taarifa ndani ya kompyuta na wakaweka humo kwamba kila programu na kila mtumiaji afanye kazi kwa haki chache kabisa zinazotosha kumaliza kazi yake. Tangu 1975, na sisi tunaingia ofisini leo tunafungua kila mlango kwa sababu bosi ana haraka.

Na kwa hapa kwetu Tanzania kuna na sheria. Mishahara, namba za akaunti za benki, fomu za hospitali za wafanyakazi, hizo ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ofisi inatakiwa izilinde. Sasa ukiweka Everyone kwenye folda la mishahara, umelinda nini? Bosi akikushurutisha mwambie hilo kwa heshima, mwambie mzee hii ni sheria, wengi wanatulia wakisikia hivyo.

Nirudi kwa mambo ya kazi. Kaka wa Mbeya, ulichomfanyia yule mama cha kumpa uadmini kwenye kompyuta yake hakina uhusiano na folda la kwenye seva, admini wa kompyuta ile ni admini wa kompyuta ile tu, seva haimjui kwa cheo hicho. Kwa hiyo kwanza mvue huo uadmini leo. Na kama umeweka Everyone Full Control kwenye Security na bado inakataa, basi angalia haya: seva inamuona kwa jina gani, hapo Sessions. Halafu ruhusa za kwenye Sharing. Halafu tafuta kama kuna mahali mtu ametiki Deny. Deny iliyowekwa moja kwa moja kwenye folda inashinda Allow, na kosa la kawaida kabisa ni mtu kutaka kuzuia "wengine" akaweka Deny kwenye kundi la Users, akasahau kwamba na yule mama yumo kwenye Users, na yeye mwenyewe fundi yumo. Ukitaka kumzuia mtu, mtoe tu kwenye orodha, Deny waachie wanaojua kwa nini wanaitumia.

Kama umemuongeza mtu kwenye kundi na bado anakataliwa, muulize amelogout? Windows inakuandikia makundi yako pale unapolog in, ukiongezwa kundi saa nne na wewe umeingia saa mbili, kwa mashine bado wewe ni yule wa saa mbili. Aandike whoami /groups kwenye kompyuta yake kama ofisi yenu ina domain (yaani akaunti za watu wote zinasimamiwa pamoja kwenye seva), kama kundi halipo pale basi bado halijamfikia. Kulock skrini na kufungua sio kulogout, hapo nimebishana na watu sana.

Kuna wale wanaoniambia mimi ni admini kabisa na bado inanikatalia. Ndiyo, tangu Windows Vista ya 2007 hata admini anafanya kazi zake kwa haki za kawaida mpaka aombe, ndiyo maana ya kile kiboksi kinachouliza ndiyo au hapana, kwa hiyo fungua hiyo programu kwa Run as administrator ujaribu kwanza. Na zile faili za Windows zenyewe zinamilikiwa na TrustedInstaller, akaunti ya Windows yenyewe, sio wewe, naomba usiende kujimilikisha folda la Windows kwa takeown ukaliharibu, ukikataliwa humo ndani mara nyingi hujatakiwa kuwa humo.

Takeown ina mahali pake. Mtu kaleta diski kutoka kwenye kompyuta iliyokufa, au kaweka Windows upya, anafungua folda lake la zamani anakataliwa wakati jina lake ni lilelile. Ukienda Security unakuta badala ya jina kuna mnyororo wa namba unaoanza na S-1-5-21, hiyo ndiyo akaunti yake ya zamani, Windows inatambua watu kwa hizo namba na sio kwa majina, na akaunti mpya hata ukiipa jina lilelile inazaliwa na namba nyingine. Hapo jimilikishe lile folda, halali kabisa, ni mali yake. Ila kama yale mafaili yalifichwa kwa EFS, njia ya Windows ya kufunga mafaili kwa siri, yale yenye kialama cha kufuli, hata ukijimilikisha na kujipa kila kitu yatakwambia access denied vilevile mpaka upate cheti cha ile akaunti ya zamani, kwa hiyo kabla hujafomati kompyuta ya mtu muulize hilo kwanza, maana ukishafomati hakuna fundi wa kukusaidia.

Wanafunzi mnaojifunza database kwa XAMPP na MySQL mnaonitumia makosa yenu kila wiki, kwenu kifupi, someni namba ya kosa. 1045 maana yake MySQL hajakutambua, jina au paswadi au mahali unapotokea. 1044 amekutambua ila hiyo database huruhusiwi. 1142 umeingia, ila hiyo amri kwenye hilo jedwali hukupewa. Na MySQL anahesabu jina pamoja na unakotokea, akaunti inayoitwa duka kutoka localhost, yaani kompyuta hiyohiyo, na duka kutoka kwingine ni watu wawili. Andika SELECT USER(), CURRENT_USER(). Ya kwanza ni ulivyojitambulisha, ya pili ni alivyokuchukulia yeye, zikitofautiana umeshapata jibu lako. Halafu SHOW GRANTS, uone ruhusa ulizopewa. Acheni kuunganisha mifumo ya wateja kwa root, ile akaunti kuu yenye haki zote.

Linux nako ni hadithi ileile, watu wanakimbilia chmod 777, amri inayompa kila mtu haki zote, kama walivyokimbilia Everyone. Kwenye Ubuntu, Apache, ile programu inayohudumia tovuti, anafanya kazi kwa jina la www-data, kwa hiyo swali ni www-data anaruhusiwa nini, sio wewe unaruhusiwa nini. Andika namei -l na njia nzima ya faili, itakuonyesha folda moja baada ya nyingine na ruhusa zake, na mara nyingi utakuta faili lenyewe halina shida, ni folda la juu kabisa halina x, yaani haki ya kupita, kwa huyo mtu, na bila x hapiti hata kama faili la ndani liko wazi. Ukimuongeza mtu kwenye kundi tumia usermod -aG, ile a usiisahau, ukiiacha unamtoa kwenye makundi yake mengine yote, pamoja na sudo, kundi la wenye haki za uadmini, na naye atoke aingie upya kama nilivyosema kule juu.

Na kabla ya yote haya, mkienda kwenye ofisi mpya ombeni orodha. Bosi aandike nani anatakiwa aone nini na nani abadilishe nini, kwa vyeo, sio kwa majina, mhasibu, msaidizi wake, mkurugenzi. Wengi hawana na wengine watakasirika ukiwauliza, mimi nimeshaambiwa fanya kazi yako hayo mengine hayakuhusu. Yananihusu, siwezi kuweka ruhusa za kitu ambacho mwenye nacho hajaamua. Ikishaandikwa aisaini, ubaki na kopi yako, tengenezeni makundi kwenye seva kufuata hiyo orodha, na watu muwaingize kwenye makundi, msiwabandike mmoja mmoja kwenye mafolda. Mtu akihama idara, siku hiyohiyo mtoeni kwenye kundi la zamani, muingizeni kwenye jipya, halafu nendeni kwenye kompyuta yake mfungue Credential Manager mfute yaliyomo.